Mwaka wa nne naita namba za bingo kwenye ukumbi wa maveterani Ohio, bila kulipwa senti. Ulizeni

Mwanatanga wa Ohio (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili. Kwenye ule uzi wa michango ya harusi nilidokeza kwamba huku huwa najitolea kuita namba za bingo, watu wakanijaa inbox. Wengine wanauliza ndiyo kazi gani hiyo, mmoja akaniuliza kama nimeitupa dini ya wazazi. Leo sina zamu, nje mvua, chai ipo. Natiririka.

Kwanza nimefikaje huko. Mwaka 2009 jeshi la Marekani lilianzisha mpango uitwao MAVNI wa kuandikisha wageni wenye viza halali na ujuzi unaotakiwa, wa tiba au wa lugha. Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha. Mimi nilikuwa mwanafunzi, ada imenikaba koo, nikaenda kufanyiwa mtihani wa lugha ya mama yangu. Nilifaulu, kama mnavyoweza kudhani. Nikapata uraia, nikatumikia miaka yangu, mingi ghalani nikihesabu matairi ya malori, nikatoka na kuja kukaa karibu na Dayton. (Mpango uliacha kupokea watu 2016, kwa hiyo msinifuate inbox kwa hilo.)

Dayton na askari ni damu damu. Hospitali ya maveterani ya hapa ilianza 1867 kama makao ya askari waliopata ulemavu kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe. Kila mji mdogo unaouzunguka una ukumbi wa American Legion, chama kilichoasisiwa 1919 na askari wa Vita Kuu ya Kwanza wakiwa bado Paris wakisubiri meli ya kurudi. Jirani yake mara nyingi ni chama kingine cha maveterani, VFW, ambao mizizi yao ni 1899, na wao hupokea waliopelekwa vitani nje tu. Ukumbi wetu usiwaze kitu cha ajabu: dari fupi, kaunta ya baa, jiko, bendera, ukutani picha za marehemu. Paa linavuja upande wa choo cha wanaume.

Jumanne ya kwanza ya bingo nilialikwa na mzee mmoja aliyepigana Vietnam, niliyekuwa nafanya naye kazi. Nikaingia, nikaona kiti cheupe kitupu meza ya pembeni, nikakaa. Ukumbi ukanyamaza. Yaani kimya kile cha msibani. Mama mmoja akanijia taratibu akaninong'oneza, "Mwanangu, hapo pana mwenyewe." Nikahama. Mwenyewe akaja baadaye, bibi wa miaka themanini na ushei, akapanga tembo wake wadogo saba wa plastiki mbele yake, mikonga imeelekea mlangoni, akapanga kalamu nne za wino, za rangi nne. Hapo nikajua nimeingia kwa watu makini.

Mchezo wenyewe. Kadi ina miraba mitano kwa mitano, juu imeandikwa herufi za neno BINGO. Chini ya B ni namba 1 hadi 15, I ni 16 hadi 30, N ni 31 hadi 45, G ni 46 hadi 60, O ni 61 hadi 75. Mraba wa katikati ni wa bure. Mashine inapuliza mipira 75, mmoja unapanda, muitaji anauonyesha kwenye kamera kisha anaita herufi na namba. Mwenye namba anaigonga kwa kalamu ya wino. Akikamilisha mchoro uliotangazwa, iwe mstari, iwe herufi X, iwe kadi nzima, anapiga ukelele kabla namba inayofuata haijaitwa. Akichelewa, imepita. Mhudumu anakwenda mezani kwake, anasoma kwa sauti namba ya kadi, mashine inathibitisha. Wakipiga ukelele wawili, wanagawana.

Mwanzoni nilidhani herufi ni mapambo tu. Nilipoanza kuita ndipo nikaelewa. Nusu ya wachezaji masikio yaliharibiwa na mizinga, helikopta au umri. Kwa Kiingereza kumi na tano na hamsini ukizisikia kwa sikio moja ni kitu kimoja. Ila kumi na tano ni ya B, hamsini ni ya G. Kumi na sita ni I, sitini ni G. Kumi na saba ni I, sabini ni O. Kila jozi inayochanganya imekaa nguzo tofauti. Sijui aliyeipanga alikusudia au ilitokea tu, lakini nikiona babu ameinamisha kichwa kutega sikio, naivuta ile herufi mpaka nione kalamu yake imeshuka.

Historia fupi: muuza michezo wa New York, Edwin Lowe, Desemba 1929 aliwaona watu Georgia kwenye maonyesho ya mtaani wanaucheza kwa punje za maharage. Akaupeleka kwao na kuanza kuuza. Inasimuliwa kwamba padri mmoja wa Pennsylvania alimfuata akilalamika kuwa kadi za Lowe zinafanana mno, kila mchezo washindi wengi, parokia inakula hasara. Lowe akamwajiri profesa wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Columbia, Carl Leffler, atunge kadi 6,000 zisizojirudia. Kwa hiyo mchezo huu ulijifunza kuchangisha pesa kanisani.

Sasa pesa, maana najua ndiyo mnayosubiri. Ohio leseni inatolewa na Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Anayefanya kazi kwenye bingo, awe muita namba, muuza karatasi au mlipa zawadi, haruhusiwi kulipwa. Si mshahara, si posho. Lazima awe ametimiza miaka 18, na ukiwa na hatia za aina fulani hugusi. Kumbukumbu zinatunzwa miaka mitatu. Serikali kuu nayo tangu 1978 haitozi kodi mapato ya bingo ya vyama hivi, mradi jimbo limeiruhusu.

Kinachobaki si kingi, nisiwadanganye. Chukua mfano wa kuelewesha tu, si hesabu za kwetu: watu 80, kila mmoja dola 20, ni 1,600. Zawadi zinakula zaidi ya nusu, karatasi, umeme, leseni, unabaki na mia tatu hivi. Mia tatu hizo ndizo mafuta ya gari la kumpeleka mzee kliniki, mbao za kumjengea mwenye kiti cha magurudumu ngazi ya mteremko, vyakula vya ghala la kanisa la jirani, jezi za timu ya watoto. Aliyezitoa na aliyezikusanya wote walikuwa wanacheka na kula hotidogi.

Ulizeni.

Chumvi ya Mawe

Mkuu nimesoma mpaka mwisho, chai yangu imepoa. Swali moja tu: usipolipwa, unapata nini? Usiniambie thawabu.

Mwanatanga wa Ohio

Kahawa ya bure na maumivu ya koo.

Bwana Hesabu

Mimi ni mkaguzi, miaka ishirini naona vitabu vya vikundi. Mtu asiyelipwa akishika fedha taslimu usiku ndipo hatari inapoanza. Mnazuiaje?

Mwanatanga wa Ohio

Swali zuri mkuu. Mchezo unaisha saa nne usiku, wachezaji wanatoka, watatu tunabaki mezani. Mmoja anahesabu noti. Wa pili anahesabu karatasi zilizobaki. Wa tatu anaandika, na huyo hagusi chochote. Karatasi zina namba za mfululizo, kwa hiyo zilizofunguliwa ukitoa zilizobaki ndizo zilizouzwa, zidisha kwa bei, na noti lazima zikubali. Wote watatu wanasaini.

Majira ya baridi yaliyopita tulipungukiwa dola 12. Ningekuwa kwenye kikundi chetu cha WhatsApp mtu angesema "nitaongezea mimi, twende tukalale". Nikaingiza mkono mfukoni. Mzee wa Vietnam akaniangalia kama nimetukana. Akasema nikiongezea leo, kesho nitakuwa na sababu ya kupunguza. Tukahesabu upya mara tatu, theluji inashuka, mpaka karibu saa sita. Dola 12 zilikuwa kwenye mfuko wa aproni ya mama wa hotidogi, alimchenjia mtu akasahau. Tuliandika hata hiyo.

Bwana Hesabu

Huyo mzee nampa kazi.

Jirani wa Embakasi

Wah, sisi huku harambee ni mwanasiasa anakuja na bahasha, anapigiwa makofi, jina linatangazwa, na hakuna anayeuliza pesa imetoka wapi. Hapo kwenu hakuna mgeni wa heshima?

Mwanatanga wa Ohio

Hakuna kabisa. Diwani alikuja mara moja, akanunua karatasi kama wengine, akashindwa, akaenda zake.

Ustaadh Kombo

Assalaam alaykum. Ndugu yangu, umeandika vizuri, na nia yako haina shaka. Lakini kamari ni kamari hata ikinunua mbao za mgonjwa. Suratul Maida aya ya 90 imeitaja maisir pamoja na ulevi, na wewe umetuambia mwenyewe kuna kaunta ya baa. Ukitaka kumjengea mzee ngazi, beba nyundo ukamjengee. Kwa nini lazima mpira upulizwe kwanza?

Mwanatanga wa Ohio

Waalaykum salaam ustaadh. Sina jibu la kukushinda na silitafuti. Mimi sichezi, sijawahi kununua karatasi, ila najua kuita ni kushiriki. Nyundo pia nimeibeba, ngazi mbili za mteremko nimezijenga kwa mikono hii. Mbao ndizo zilizotoka kwenye mipira. Mama yangu Tanga anajua "natoa namba kwa wazee". Anadhani ni foleni ya hospitali.

Ustaadh Kombo

Allah akuongoze wewe na sisi. Mama mwambie ukweli.

Kibo

Kwetu Kilimanjaro kanisani hatuna mipira, tuna mnada. Ibada ikiisha, sadaka za vitu zinatolewa nje: mkungu wa ndizi, jogoo, mayai kwenye bakuli, bua la muwa. Mzee wa kanisa ananadi. Nimeona jogoo mmoja akiuzwa mara tatu, anayenunua anamrudisha, ananadiwa tena, mpaka jogoo mwenyewe kachoka. Hakuna anayesema ni kamari kwa sababu unaondoka na kitu mkononi.

Mwanatanga wa Ohio

Kibo umenikumbusha. Minnesota na Wisconsin wana bahati nasibu ya nyama, na kumbi za Legion ndiyo kwao. Unanunua tiketi ya dola moja, gurudumu linazungushwa, ukishinda unakabidhiwa kifurushi cha bekoni au kipande cha mguu wa nguruwe, baridi yake mkononi. Mnada wenu na ule ni ndugu.

Kiroboto

Nyie mnasifia, mimi nimeishi Minneapolis miaka tisa. Huko hela haiko kwenye nyama wala bingo, iko kwenye tiketi za kuchana. Kikaratasi unafungua vidirisha, zikilingana alama umeshinda. Mwaka 2012 wakaruhusu za kielektroniki kwenye tableti, na kodi yake ikapangiwa kulipia uwanja mpya wa Vikings, timu ya mpira wa Kimarekani. Baa nzima watu wameinamia vioo, hawaongei. Jina la hisani limebandikwa ukutani. Hiyo nayo utaiita kujitolea?

Mwanatanga wa Ohio

Hapo umenikamata na sikatai. Hata Ohio tiketi za kuchana zipo, na ndizo zinazobeba kumbi nyingi kuliko bingo yenyewe. Mimi hizo siuzi. Niliuza miezi miwili nikaacha. Kuna jamaa mmoja, kijana aliyepigana Iraq, alikuwa anachana hamsini hamsini, vipande vinajaa mezani kama maganda ya karanga, hatazami mtu. Bingo ina breki yake: namba inaitwa kwa mwendo wangu, na kikao kina mwisho. Kile kikaratasi mwendo ni wa mkono wako. Niliwaambia viongozi sitakaa tena kwenye lile dirisha, wakanihamishia mashine ya mipira. Ndivyo nilivyoanza kuita, sikuwa na sauti nzuri wala nini.

Halafu kuna ya malkia wa kopa. Karata 54 pamoja na jokeri wawili zinafungwa kwenye ubao, mgongo nje, kila moja na namba. Tiketi dola moja, unaandika jina na namba ya karata unayoitaka. Kila wiki inachomolewa tiketi moja, karata inafunuliwa. Kama si malkia wa kopa, chungu kinalala, wiki ijayo kinaongezeka. Karata zikibaki chache watu wanakuja kutoka wilaya tatu, magari mpaka kwenye majani ya jirani. Wiki hizo wazee wetu wa kila siku hawapati hata pa kukaa. Siipendi, ila paa la choo safari hii litazibwa na malkia huyo.

Mjukuu wa KAR

Naomba niulize la huku kwetu. Babu yangu alikuwa KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni, alikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, bonde la Kabaw, 1944. Alirudi na koti na kikohozi. Nani alimchezea bingo babu?

Mwanatanga wa Ohio

Pole sana ndugu, swali lako zito. Kuna umoja wa vyama vya askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola, ulioundwa Cape Town 1921, ambao husaidia wazee wa aina ya babu yako kupitia vyama vya nchi husika. Kwetu ni Tanzania Legion. Fedha zake kwa sehemu zinatokana na yale maua mekundu ya kubandika kifuani Novemba. Huku Marekani VFW nao wanayo tangu 1922, na yanatengenezwa na maveterani wenye ulemavu. Lakini babu yako kupelekwa kliniki kila Alhamisi na jirani anayelijua jina lake, hilo umoja wa mbali hauwezi. Hilo linataka ukumbi mtaani.

Mjukuu wa KAR

Aliyempeleka kliniki ni bibi. Kwa miguu.

Chumvi ya Mawe

Dah.

Jirani wa Embakasi

Sasa mkuu, tukitaka kuanzisha hii kitu Nairobi au Dar, tombola ya kusaidia hospitali ya mtaa, inawezekana?

Mwanatanga wa Ohio

Dar nenda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kabla hujachapa tiketi hata moja, Nairobi nako kuna mamlaka yake. Ila mimi naona kibali ndiyo kazi ndogo. Watu wenye simu mkononi na kampuni za kubeti zinazowaita usiku na mchana, nani atakuja kukaa masaa matatu kwa zawadi ya elfu hamsini? Hata huku tunapungua. Novemba 2006 Ohio walipiga kura kuzuia sigara ndani, wavutaji wengi wakabaki majumbani kwao. 2012 kasino za kwanza zikafunguliwa Cleveland na Toledo. Januari 2023 kubeti mechi kwa simu kukawa halali. Wenzangu wa Jumanne wastani wao wameshastaafu mara mbili. Mwaka jana tulizika wanne.

Mazishi yenyewe niwaambie. Sheria ya hapa inampa kila veterani askari wawili wa kukunja bendera, na tarumbeta. Ile mizinga mitatu ya bunduki mara nyingi inapigwa na wazee wa kujitolea wa ukumbini. Mimi niko kwenye hicho kikosi. Mmoja ana miaka 79, nyonga ya chuma, anasimama kwenye theluji na bunduki begani kwa ajili ya mtu ambaye juzi walikuwa wanagombana kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe.

Mama Furaha

Jambo yenu wote. Miye ni Mukongomani wa Uvira, nakaa hapa hapa Dayton mwaka wa sita. Nimesoma hii yote nikacheka ile ya tembo saba, kwa sababu nafanya kazi ya kutunza wazee, na bibi mmoja ninayemutunza anapenda bingo sana, hana wa kumupeleka. Naweza kuja naye? Kiingereza yangu ni kidogo, namba zitanipita.

Mwanatanga wa Ohio

Karibu sana dada. Namba hazitakupita, zinatokea kwenye skrini, na wewe hulazimiki kucheza. Tutakuwekea kazi ya kugawa karatasi kama utapenda, ila kwanza uandikwe jina, hatumwachii mtu ashike hata karatasi bila hivyo.

Kiroboto

Dada ukifika muombe aite moja kwa Kiswahili. Kumi na tano na hamsini kwetu hazichanganyi.

Mwanatanga wa Ohio

Nilijaribu Desemba. Nikaita "O, sitini na sita." Ukumbi mzima ukauliza ni ngapi hiyo, isipokuwa yule mzee wa Vietnam, ambaye alijibu kwa sauti kwamba ni ile ile aliyoikosa tangu saa moja.

Mama Furaha

Jumanne basi. Saa ngapi?

Mwanatanga wa Ohio

Mlango unafunguliwa saa kumi na mbili jioni, kuita kunaanza saa moja. Mlete bibi kwa mlango wa nyuma, huko hakuna ngazi. Na ile meza ya pembeni karibu na jiko, kile kiti cheupe, msikae. Mwenyewe tulimzika Februari lakini tembo bado wapo.